Sakiti mfuatano kwa mwanafunzi wa sekondari: mwongozo kamili wa kuijenga, kuipima na kuikokotoa

Kila ninapoanza twisheni ya likizo hapa Ngamiani, Tanga, huchora ubaoni betri mbili, swichi na globu mbili, vyote kwenye njia moja. Kisha nauliza: ipi itawaka sana, globu ya kwanza au ya pili? Mikono mingi huichagua ya kwanza. Nikiuliza sababu, jibu huwa lile lile mwaka hadi mwaka: "Mwalimu, umeme unaanza kufika hapo, inakula wake, unaobaki ndio unakwenda kwa mwenzie."

Jibu hilo lina mantiki ya sinia la pilau, lakini sakiti si sinia. Mwanafunzi anaweza kukariri fomula zote na kupata alama za hesabu, ila kama kichwani bado anaona umeme ukiliwa njiani, swali likigeuzwa kidogo anapotea. Ndiyo maana katika mwongozo huu tutaanza na mikono, halafu mita, na hesabu zije mwisho. Ukiruka moja kwa moja kwenye hesabu, utakuwa umeruka sehemu yenyewe.

Sakiti mfuatano, ambayo wanafunzi na mafundi wengi huiita siris, ni sakiti yenye njia moja tu ya kupita umeme. Unatoka ncha moja ya betri, unapita kifaa hiki, kisha kile, kisha kingine, unarudi ncha ya pili. Hakuna njia panda hata moja. Ukiona mahali waya unagawanyika mara mbili, hapo mfuatano umekwisha na umeingia sambamba.

Kabla ya waya, baiskeli

Mtu wa Tanga hahangaiki kupata mfano, maana baiskeli iko uani. Ipindue isimame kwa tandiko na usukani. Zungusha pedeli taratibu huku ukitazama cheni. Pingili iliyo karibu na pedeli na ile iliyo karibu na gurudumu la nyuma zinaondoka kwa pamoja. Hakuna inayongoja kufikiwa. Cheni ikishapita gurudumuni hairudi ikiwa fupi, wala pingili hazipungui, lakini kazi imefanyika: gurudumu linazunguka.

Sasa mwambie mdogo wako aliguse tairi la nyuma kwa kiganja, abane kidogo. Mkono wako kwenye pedeli unasikia uzito papo hapo, na cheni yote inapunguza mwendo, si kile kipande cha karibu na kiganja peke yake.

Cheni ni chaji ambazo tayari zimo ndani ya waya kabla hujawasha chochote. Mwendo wa cheni ndio mkondo, unaopimwa kwa ampea. Msukumo wa mkono wako ni volteji ya betri, kwa volti. Kiganja cha mdogo wako ni ukinzani, kwa omu. Kinachotolewa na betri na kuachwa kwenye globu ni nishati. Chaji zenyewe zinazunguka tu. Ukikwama popote mbele, rudi uani ukaitazame baiskeli.

Hatua ya kwanza: vifaa

Tafuta betri kubwa za tochi za volti 1.5, nne zikiwezekana. Tafuta globu ndogo tatu za nyuzi, zile zilizoandikwa shingoni 2.5V 0.3A. Hizi siku hizi zinasumbua kupatikana kwa kuwa tochi nyingi ni za LED. Jaribu maduka ya vipuri vya baiskeli. Wazee wanaouza dainamo mara nyingi wana globu za nyuzi kwenye kopo nyuma ya kaunta. Usichukue LED kwa zoezi hili. LED nyeupe huhitaji karibu volti 3 peke yake, kwa hiyo ukiziunga mbili mfuatano kwenye betri mbili hazitawaka kabisa, nawe utadhani umekosea kuunga.

Waya wowote mwembamba wenye shaba unafaa. Chubua ncha sentimita mbili. Kwa kushikiza, kata mpira wa tyubu ya baiskeli uwe mkanda, zungusha betri kwa urefu, halafu chomeka ncha za waya chini ya mkanda pande zote mbili. Mpira unabana vizuri kuliko selotepu, na kiungo kilicholegea ndicho chanzo cha nusu ya lawama zote ninazosikia darasani.

Mwisho, mita ya kidijitali ya bei nafuu, ile wanayotumia mafundi wa redio. Kama huna, azima shuleni au mchangie watatu.

Sheria moja isiyo na mjadala: kila utakachokifanya humu ni kwa betri. Soketi ya ukutani ina volti 230 na haina subira na mwanafunzi.

Hatua ya pili: globu moja, kisha mbili

Unga betri mbili mfuatano, chanya ya moja iguse hasi ya nyingine, upate volti 3. Washa globu moja. Itazame vizuri, uukumbuke mwanga wake. Kabla ya kuongeza ya pili, andika kwenye daftari unachotarajia. Usiruke hili. Macho yakishaona jibu, kichwa hudai kilijua tangu mwanzo.

Ongeza globu ya pili katika njia ile ile. Zote mbili zinafifia, na zinafifia sawa. Badilisha nafasi zake: ya kwanza iwe ya pili. Hakuna kinachobadilika. Geuza betri upande wa pili, umeme uzunguke kinyume. Bado sawa. Kama ya kwanza ingekuwa inakula zaidi, kugeuza betri kungeihamisha faida hiyo kwa mwenzake.

Ukiona moja inawaka zaidi, soma maandishi ya shingoni. Huenda si za aina moja. Hilo tutalirudia, kwa sababu lina utamu wake.

Sasa legeza globu moja kwenye kikombe chake, yaani kile kishikio inamokazwa. Zote zinazimika. Cheni imekatika mahali pamoja, na cheni iliyokatika haizungushi chochote, si mbele wala nyuma ya pale ilipokatikia.

Hatua ya tatu: kupima mkondo

Ammita, yaani mita ikiwekwa kupima ampea, huwekwa ndani ya njia yenyewe: kata mzunguko, mita iwe daraja kati ya ncha mbili. Chomeka waya mwekundu kwenye tundu la 10A na zungusha kitufe kwenye ampea za mkondo mnyoofu. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujafanya lolote jingine. Ammita ina ukinzani mdogo mno. Ukiigusisha kwenye ncha mbili za betri, umeipa betri njia isiyo na kizuizi, na kama umechomeka kwenye tundu dogo, fyuzi ya mita imekwenda.

Pima mahali patatu: kati ya betri na globu ya kwanza, kati ya globu mbili, na kati ya globu ya pili na betri. Mwaka jana tulipata 0.22 A mahali pote patatu. Binti mmoja wa Makorora hakukubali. Alirudia mara nne, akahamisha mita mwenyewe, akabadilisha globu, kisha akaketi kimya. Nilifurahi sana, maana mwanafunzi akifika hapo, hakuna mtihani utakaomrudisha nyuma.

Kanuni ya kwanza basi umeiona kwa macho: katika sakiti mfuatano mkondo ni mmoja kila mahali.

Lakini kuna jambo litakalokushangaza. Kwa globu moja tulipata karibu 0.32 A. Ukinzani ukiongezeka mara mbili, si mkondo ungekuwa nusu, yaani 0.16? Mbona 0.22? Mita ni nzima. Uzi wa globu ukiwa wa moto sana ukinzani wake hupanda. Ukipoa kidogo, unashuka. Globu mbili zinazowaka kwa kufifia zina uzi wenye joto dogo, kwa hiyo ukinzani wa kila moja ni mdogo kuliko ilipokuwa peke yake. Ndiyo sababu vitabu hupenda kutumia rezista, kifaa kidogo kilichotengenezwa kuwa na ukinzani maalumu, katika hesabu: ukinzani wake hautikisiki hivyo.

Hatua ya nne: kupima volteji

Voltimita, yaani mita ikiwekwa kupima volti, haikati njia. Inagusa nje, ncha moja huku na nyingine kule ya kifaa unachokipima. Hesabu ya mkondo huuliza "kiasi gani kinapita hapa?", ya volteji huuliza "kuna tofauti gani kati ya hapa na pale?" Ndiyo maana moja huwekwa ndani na nyingine huegeshwa kando.

Pima betri sakiti ikiwa inawaka. Tuseme umepata 2.86. Pima globu ya kwanza, 1.43. Ya pili, 1.43. Jumlisha. Tarakimu za mwisho zinaweza kupishana kidogo, lakini jumla inarudi kwenye volteji ya betri. Hiyo ni kanuni ya pili: volteji hugawanywa, na vipande vyake vikijumlishwa hurudisha nzima. Gustav Kirchhoff aliyeipanga kanuni hii kwa sakiti za kila aina, mwaka 1845, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 21.

Sasa ule utamu niliokuahidi. Weka globu mbili za aina tofauti, au rezista ya omu 10 na ya omu 20. Mkondo ni mmoja, lakini volteji hazilingani: ya omu 20 inachukua mara mbili ya mwenzake. Aliyebana zaidi kwenye tairi ndiye anayemaliza nguvu nyingi zaidi. Mgawo unafuata ukinzani, haufuati nafasi kwenye foleni.

Jaribio la mwisho la hatua hii ndilo ninalolipenda kuliko yote. Legeza globu moja, zote zizimike, kisha pima volteji kwenye kikombe cha globu uliyoilegeza. Wengi husema sifuri, kwa kuwa "hakuna umeme". Mita inasoma volti 3 kamili. Ukipima globu iliyobaki, hapo ndipo pana sifuri. Mkondo umesimama, na volteji ya kifaa ni mkondo mara ukinzani: sifuri mara chochote ni sifuri. Volti zote za betri zimebaki zimesimama kwenye pengo. Shika hilo, tutalihitaji mwisho.

Hatua ya tano: hesabu

Kanuni ya tatu: ukinzani wa jumla ni jumla ya ukinzani wote. Na juu ya yote ipo V = IR, ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1827 baada ya majaribio aliyoyafanya akiwa mwalimu wa shule mjini Köln.

Chora jedwali kila mara. Mistari ni vifaa na mstari wa mwisho ni jumla. Safu ni V, I na R. Safu ya I ukipata namba moja, ijaze yote kwa namba hiyo hiyo. Safu za V na R zinajumlishwa kwenda chini. Kila mstari peke yake unatii V = IR. Mwanafunzi anayechanganya volti za sakiti nzima na omu za rezista moja huwa hajachora jedwali.

Rezista za omu 4, 8 na 12 zimeungwa mfuatano kwenye volti 6. Jumla ya ukinzani ni omu 24. Mkondo ni 6 gawanya kwa 24, yaani 0.25 A. Jaza 0.25 kwenye safu yote ya I. Ya omu 4 inapata volti 1, ya 8 inapata 2, ya 12 inapata 3. Jumla 6. Hesabu isiporudi kwenye volteji ya betri, usiendelee. Tafuta kosa hapo hapo.

Kuna ukinzani ambao hauonekani: ule wa ndani ya betri yenyewe. Tuseme betri mbili za volti 1.5, kila moja ina ukinzani wa ndani omu 0.5, zinalisha rezista za omu 5 na 9. Wengi huandika 3 gawanya kwa 14. Kumbe betri nazo zimo kwenye cheni: 5 + 9 + 0.5 + 0.5 ni omu 15. Mkondo ni 0.2 A. Omu 5 inapata volti 1.0, omu 9 inapata 1.8, na 0.2 inaishia ndani ya betri. Ukipima ncha za betri sakiti ikiwaka utaona 2.8, si 3. Ndiyo maana betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina kazi, halafu ikibebeshwa globu volti zinashuka. Duka moja liliwahi kuniuzia betri za namna hiyo. Mezani zilisoma 1.5 kila moja, kwenye globu hazikuwasha kitu. Tangu siku hiyo nazipima zikiwa na mzigo.

Na swali la kinyume, ambalo mafundi hukutana nalo kweli: unayo globu ya 2.5V 0.3A na betri nne, volti 6. Ukiiunga hivi hivi itaungua. Rezista gani iwekwe nayo? Globu ichukue 2.5, inabaki 3.5 ya rezista. Mkondo ni mmoja, 0.3. Kwa hiyo 3.5 gawanya kwa 0.3 ni omu 11.7, dukani ipo ya 12. Lakini usiishie hapo. Nishati inayogeuka joto kwenye rezista kila sekunde ni 3.5 mara 0.3, zaidi kidogo ya wati 1. Rezista ndogo ya robo wati itanuka moshi. Omba ya wati 2.

Swali la betri iliyogeuzwa ni fupi: tatu zikiwa mfuatano na moja imewekwa kinyume, unapata 1.5 + 1.5 − 1.5, yaani 1.5 tu.

Mitego ya mtihani

Voltimita iliyochorwa ndani ya njia: ina ukinzani mkubwa mno, kwa hiyo mkondo unakaribia sifuri, globu haiwaki, na voltimita inasoma karibu volteji yote ya betri. Ukielewa jaribio la globu iliyolegezwa, hili umeshalijibu. Waya mtupu ukiungwa kando ya globu moja kati ya mbili: hiyo moja inazimika, nyingine inawaka zaidi. Na swali la "ammita A1 inasoma 0.4, je A2?" ni alama za bure sasa.

Swali linalofuata huwa: nyumbani kwetu ni mfuatano? Taa na soketi ni sambamba, ndiyo maana sebuleni wakizima, jikoni kunabaki na mwanga. Lakini swichi iko mfuatano na taa yake, na fyuzi na mita ya LUKU ziko mfuatano na nyumba nzima. Fyuzi hailindi kitu ikikaa pembeni. Lazima mkondo wote upite ndani yake ndipo iweze kuukata.

Mafundi wa redio wana matumizi mazuri zaidi. Redio inayotiliwa shaka huungwa mfuatano na globu ya nyuzi ya wati 100. Kama ndani kuna shoti, globu inachukua karibu volti zote 230 na kuwaka sana, na mkondo haupiti kiasi cha 0.43 A, kwa hiyo redio haiungui. Kama ni nzima, globu inafifia. Fundi anasoma ugonjwa kwa mwanga. Kaa pembeni utazame, lakini usiijaribu. Ni kazi ya volti 230.

Kutafuta kifaa kilichokufa

Kwenye harusi moja mtaani Makorora walitundika mshipi wa taa za mapambo, globu 20 za volti 12 zilizoungwa mfuatano. Kila moja hupata 230 gawanya kwa 20, volti 11.5. Jioni zikazimika zote. Kijana mmoja akapanda kiti, akaanza kuchomoa globu moja moja huku plagi iko ukutani. Nikamwambia, "Shuka, kaka. Pale ilipokatika pana volti 230 zote, zinangoja kidole." Lile pengo la hatua ya nne, kwa volti zinazoua.

Tukachomoa plagi. Mita ikawekwa kwenye omu, si kwenye mlio (pale mita inapolia ikikuta njia nzima), kwa sababu globu kumi mfuatano zina ukinzani wa kutosha kuunyamazisha mlio hata kama ni nzima. Ncha moja ya mita kwenye pini ya plagi. Tukachomoa globu ya 11, tukagusa upande wa kikombe unaotoka kwenye pini hiyo. Namba ikaonekana, kama omu 150: globu kumi za kwanza ni nzima. Tukairudisha, tukachomoa ya 16, tukagusa upande ule ule. Mita ikaandika 1 peke yake upande wa kushoto, yaani njia imekatika. Basi mgonjwa yuko kati ya 11 na 15. Kwenye ya 13 ikaja namba, kwenye ya 14 ikaja 1. Tukaitoa ya 13, tukaipima peke yake mkononi: 1. Uzi wake ulikuwa umeachana, ukiutikisa sikioni unausikia. Mama wa bwana harusi akaleta ya akiba kutoka kwenye boksi, tukaikaza, plagi ikarudi ukutani, na zote 20 zikawaka.